Tope la jaruba limekuwa jeusi na linanuka: je, udongo umeugua, na chokaa itausaidia?

Swali: "Nalima mpunga wa kumwagilia. Maabara ilipima udongo wangu ikakuta pH 5.1 na fosforasi kidogo, ikanishauri niweke chokaa. Sasa ni wiki ya tano tangu nipandikize. Nikiingia jarubani nakuta tope jeusi linalonuka kama mayai yaliyooza, na mapovu yanatoka kila ninapokanyaga. Mizizi mingine ina rangi ya kutu, mingine imekuwa myeusi. Nikiweka urea mpunga unakuwa kijani siku chache, kisha unarudi kuwa njano. Mabua ya msimu uliopita niliyalimia chini wiki moja kabla ya kupandikiza. Mtaalamu, udongo wangu umeugua? Niweke chokaa?"

Ndugu msomaji, udongo wako hauumwi, na chokaa usiweke kwanza. Maabara haikukosea kupima. Ilipima udongo uliokaushwa, ukasagwa na kuchekechwa, na mpunga wako hauishi katika udongo wa namna hiyo. Tangu siku ulipofungulia maji, kemia ya jaruba lako ilianza kubadilika, na wanaoibadilisha ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Ukielewa wanachofanya, yote uliyoyaeleza, yaani weusi, harufu, mapovu, kutu na umanjano, utayaona kuwa ni mambo ya asili moja.

Oksijeni hupenya majini polepole mno, takribani mara 10,000 polepole kuliko hewani. Maji yakishajaza vitundu vya udongo, bakteria na fangasi waliokuwa wakitumia oksijeni huimaliza ndani ya saa chache, au siku moja mbili hivi. Juu kabisa hubaki ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, mara nyingi milimita chache tu, inayopata oksijeni kutoka kwenye maji. Chini yake hakuna oksijeni tena, isipokuwa ile kidogo inayovuja kwenye mizizi ya mpunga wenyewe.

Uhai hausimami hapo. Kiumbe kinapovunja chakula chake hubaki na elektroni ambazo lazima kizikabidhi mahali. Wewe na mimi tunaikabidhi oksijeni. Bakteria wa tope, oksijeni ikiisha, hutafuta mpokeaji mwingine, na huwafuata kwa mpangilio: anayelipa nishati nyingi hutangulia. Huanza na nitreti, wakaigeuza kuwa gesi ya nitrojeni inayopotelea hewani. Halafu manganizi. Halafu chuma, ambacho katika majaruba mengi ndicho kipokezi kikubwa kuliko vyote kwa wingi. Hapo hufanya kazi bakteria kama wa jenasi za Geobacter na Anaeromyxobacter. Baada ya chuma inafuata salfeti, na bakteria wanaoitumia hutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu uliyoitaja. Mwisho wa mstari wapo arkea, viumbe wadogo wanaofanana na bakteria lakini si bakteria, wanaotengeneza gesi ya methani. Kwa kifaa cha kupimia redoksi, yaani utayari wa udongo kupokea elektroni, unaweza kuuona mteremko huu katika milivolti: udongo wenye hewa huwa juu ya +400, oksijeni inakuwa imekwisha takribani kwenye +300, chuma hubadilika karibu na +100, salfeti karibu na −150, na methani huanza kutoka kwa wingi kwenye −200 na kushuka. Kwa hiyo pua yako ilikuwa imekupa kipimo tayari. Jaruba lako limefika ngazi za mwisho za mteremko huo.

Sasa turudi kwenye pH 5.1 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni magadi). Chuma kilichooksidika, kile kinachoupa udongo rangi nyekundu au njano, kinapopokea elektroni humeza asidi: kila atomi moja ya chuma inayobadilika hutumia ioni za hidrojeni. Udongo wenye asidi hupanda pH wenyewe ukiwa chini ya maji. Udongo wenye magadi hufanya kinyume, pH yake hushuka, kwa sababu kabonidioksidi inayotolewa na bakteria hukusanyika ndani ya tope na kuyeyuka. Pande zote mbili huelekea katikati, pH 6.5 hadi 7, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Aliyeeleza jambo hili kwa ukamilifu ni F. N. Ponnamperuma, mkemia kutoka Sri Lanka aliyefanya kazi katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, huko Los Baños, Ufilipino. Makala yake ya mwaka 1972 kuhusu kemia ya udongo uliofunikwa na maji bado ndiyo msingi wa fani hii.

Maana yake kwako ni kwamba huenda jaruba lako, leo hii, lina pH zaidi ya 6 bila mfuko hata mmoja wa chokaa. Alumini, ambayo ndiyo adui mkubwa wa mizizi katika udongo wenye asidi, huganda na kuacha kudhuru pH inapovuka 5.5 hivi. Chokaa iliyomwagwa juu ya haya yote inaweza kuleta hasara ya pili: zinki. Chini ya maji zinki tayari hupungua kwa mimea, na pH ikisukumwa juu zaidi hupungua zaidi. Upungufu wa zinki katika mpunga wa shambani ulithibitishwa mwaka 1966 na Y. L. Nene huko Pantnagar, India, kwa ugonjwa ambao wakulima waliuita khaira na ambao kwa muda ulidhaniwa kuwa wa kuambukiza. Dalili zake hujitokeza wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza: madoa ya kahawia kama vumbi la kutu kwenye majani ya chini, na kitako cha jani changa kupauka. Binafsi naona ushauri wa chokaa hutolewa haraka mno kwa wakulima wa mpunga wa maji, kwa sababu majedwali mengi ya ushauri yalitungwa kwa mazao ya nchi kavu.

Chokaa ina nafasi yake. Kama katika jaruba hilohilo unabadilisha mpunga na maharage au mahindi wakati wa ukavu, hesabu chokaa kwa ajili ya zao hilo, maana maji yakiondoka chuma huoksidika upya na asidi hurudi yote. Ipo pia aina moja ya udongo isiyofuata kanuni hii, nitaifikia mwishoni.

Fosforasi nayo iko hivyohivyo. Katika udongo mkavu wenye asidi sehemu kubwa yake hushikwa na chuma. Chuma kikiyeyuka chini ya maji, fosforasi iliyoshikwa nacho huachiwa. Ndiyo maana mpunga huridhika na kiwango ambacho zao la nchi kavu lingelia nacho: kwa kipimo cha Olsen, njia mojawapo ya maabara ya kupima fosforasi, chini ya miligramu 5 kwa kilo ya udongo ni upungufu wa kweli, kati ya 5 na 10 ni wastani, na zaidi ya 10 mara nyingi mpunga hauhitaji zaidi ya kurudisha kile mavuno yanachoondoa. Tazama namba yenyewe kwenye karatasi yako, usitazame neno "kidogo" lililoandikwa pembeni. Uliza pia ni njia gani ya kupima iliyotumika, kwa kuwa viwango hivi ni vya Olsen pekee. Zao la ukavu linalofuata mpunga ndilo hupata shida, kwa sababu chuma kinachooksidika upya huwa na chembe ndogondogo zenye njaa kali ya fosforasi.

Weusi wa tope ni salfaidi ya chuma. Hidrojeni salfaidi ikikutana na chuma kilichoyeyuka, vyote viwili huganda pamoja kuwa chembe nyeusi. Chota tope hilo, litandaze jembamba mahali penye hewa. Likipoteza weusi na kugeuka kahawia au kijivu ndani ya saa chache, ni salfaidi. Likibaki jeusi, huenda ni mboji tu, na hiyo ni neema. Mimi weusi huo haunitishi. Salfaidi iliyokwisha kuganda na chuma haiwezi tena kuidhuru mizizi. Harufu peke yake pia si ushahidi wa sumu, kwa sababu pua ya binadamu huinasa gesi hii ikiwa kidogo sana.

Hatari huja pale chuma kinapokuwa haba. Wajapani waliijua kwa uchungu katika majaruba yao ya kichanga yaliyokuwa yamesafishwa chuma chake na maji kwa miaka mingi. Mpunga ulistawi vizuri mwanzoni, kisha ukadhoofika karibu na kutoa masuke; wenyewe waliita akiochi. Salfaidi ilikuwa imebaki huru bila chuma cha kuikamata, ikaishambulia mizizi. Dawa yao ilikuwa kubeba udongo mwekundu wenye chuma kutoka vilimani na kuuchanganya jarubani, kuongeza silika, na kuacha mbolea zenye salfeti. Kama udongo wako ni wa kichanga na umepauka, acha kutumia salfeti ya amonia katika jaruba hilo. Kama ni wa mfinyanzi mwekundu au wa kahawia, salfaidi si tishio lako la kwanza.

Ushahidi ulio bora kuliko tope ni mizizi. Mpunga una mirija ya hewa inayoshusha oksijeni kutoka kwenye majani hadi ncha za mizizi, na oksijeni inayovuja hapo hukioksidisha chuma kilicho jirani. Ile kutu uliyoiona ni koti ambalo mzizi umejivika, nayo ni dalili ya afya. Koti hilo huzuia sehemu ya chuma kilichozidi kisiingie, na humo huishi bakteria wanaooksidisha chuma, amonia na hata methani. Mizizi myeusi iosheni vizuri kisha ikateni. Ikiwa ndani ni myeupe na imara, weusi ni wa nje tu, na ukiingiza hewa kidogo utaondoka. Ikiwa imelainika, inachuna na kunuka, imekufa. Basi tazama kama mimea inatoa mizizi mipya myeupe karibu na shina. Isipotoa, maji lazima yatoke wiki hii.

Kwa nini jaruba lako lilifika chini ya mteremko mapema hivyo? Ulilitaja mwenyewe, labda bila kulipa uzito: mabua. Mabua mabichi yaliyolimiwa wiki moja kabla ya kupandikiza ni karamu kwa bakteria. Bakteria wachachushaji huyavunja kuwa asidi za kikaboni, hasa ya asetiki, ambazo zenyewe hudumaza mizizi michanga. Elektroni zinazotoka humo humaliza chuma na salfeti kwa haraka, na kinachobaki huwaangukia arkea wa methani. Takribani theluthi mbili ya methani ya jaruba hutoka kwenye asetati, yaani ile asidi ya asetiki, kazi ya jenasi kama Methanosarcina na Methanothrix. Theluthi iliyobaki hutoka kwenye hidrojeni na kabonidioksidi, na humo wamo arkea wa jenasi ya Methanocella, ambao wa kwanza kutengwa walitoka kwenye udongo wa jaruba huko Japani na kutangazwa mwaka 2008. Wakati huohuo bakteria wanaokula mabua hunyang'anya nitrojeni kwa ajili ya miili yao, kwa kuwa mabua yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Sehemu ya umanjano wako imetokea hapo.

Sisemi uache kurudisha mabua. Yamebeba sehemu kubwa ya potasiamu na silika ambazo zao lilichukua, na mkulima anayeyachoma huipoteza nitrojeni yake karibu yote. Yalimie udongo ukiwa na unyevu lakini bila maji, mara tu baada ya kuvuna ikiwezekana, ili yaanze kuoza yakiwa na hewa. Kama muda umebana, acha angalau wiki mbili hadi tatu kati ya kuyafunika na kupandikiza.

Mapovu unayoyakanyaga yana methani na nitrojeni, pamoja na kabonidioksidi kidogo. Yanaonekana sana, ila ni sehemu ndogo: mpunga unapokuwa mkubwa, karibu asilimia 90 ya methani hutoka kimya kupitia mirija ileile ya hewa, kutoka kwenye mizizi hadi angani. Ingetoka nyingi zaidi kama bakteria wanaokula methani wasingekuwepo kwenye ngozi ya juu ya tope na kuzunguka mizizi. Na kuna viumbe wengine ambao mimi huwafuatilia kwa hamu kubwa, bakteria wa nyaya, ambao seli zao zimepangana katika uzi wa sentimita kadhaa unaopitisha umeme kutoka tope lenye salfaidi hadi lenye oksijeni. Katika jaribio la vyungu lililochapishwa mwaka 2020, udongo wa mpunga uliopandikizwa bakteria hao ulitoa methani pungufu kwa asilimia 93, kwa sababu walirudisha salfaidi kuwa salfeti na kuwapa wapinzani wa methani chakula tena. Ni matokeo ya vyungu, si ya mashamba, kwa hiyo usinunue kwa mtu yeyote chupa ya bakteria hao.

Umanjano unaorudi baada ya urea ndilo jambo linalokugharimu zaidi, na hapa nataka tukae. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Ukiimwaga kwenye maji yaliyosimama, kimeng'enya kiitwacho urease, kilichomo kwenye udongo na kwenye mabaki ya mimea, huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache. Mchana mwani ulioko majini hutumia kabonidioksidi kwa usanisinuru, na pH ya maji hayo hupanda hadi 9 au zaidi kabla ya kushuka tena usiku. Katika pH hiyo amonia hugeuka gesi na kupeperuka, hasa penye upepo na mpunga mchanga usiotoa kivuli. Hivyo mbolea yako inapotea juu, kwenye maji, wakati tope la chini lina hali nzuri kabisa ya kuihifadhi: bila oksijeni, amonia hubaki amonia, ikashikiliwa na chembe za mfinyanzi.

Njia ya pili ya hasara iko kwenye ile ngozi ya kahawia. Humo bakteria wenye oksijeni huigeuza amonia kuwa nitreti. Nitreti huteremka milimita chache hadi kwenye tope lisilo na hewa, na huko hugeuzwa gesi ya nitrojeni. Watafiti wa Japani, Shioiri akiwa mbele yao, ndio walioieleza njia hii kabla ya katikati ya karne ya 20, na kutoka hapo wakapata dawa ambayo haijapitwa na wakati: ichimbie mbolea ndani. Punje kubwa za urea zinazosukumwa sentimita 7 hadi 10 chini, moja katikati ya kila mashina manne, huepuka maji na ngozi ya juu kwa pamoja. Wakulima wengi wa Bangladesh wamewahi kufanya hivyo. Kama huna punje hizo, mwaga urea ya kwanza kwenye udongo usio na maji yaliyosimama, ivuruge ndani, kisha ufungulie maji. Inayofuata igawanye, weka wakati wa kuchipua na tena masuke yanapoanza kutungwa tumboni, mpunga ukiwa umefunika maji kwa kivuli. Usiweke kisha ukakausha: amonia itakuwa nitreti, na maji yakirudi nyingi yake itaondoka.

Hata ukitia mbolea vizuri, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo ndani ya mpunga, mara nyingi nusu au zaidi, hutoka kwenye udongo wenyewe. Sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, huikamata majini kutoka hewani, jambo ambalo P. K. De alilionyesha kwa majaruba ya India mwaka 1939. Azola, jani dogo linaloelea majini, huifanya kazi hiyo kwa kushirikiana nao. Hata baadhi ya bakteria wa chuma niliowataja hufanya hivyo ndani ya tope. Ukiona mwani na azola msimu mzima usivione vyote kuwa magugu. Kukausha jaruba baina ya misimu kunasaidia pia: H. F. Birch, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka na kuloweshwa upya hutoa nitrojeni kwa mkupuo. Udongo usiopumzika na maji hukusanya mboji ya namna inayoishikilia nitrojeni yake kwa ukaidi.

Kwa msimu huu, toa maji. Chukua bomba lenye matundu, lenye urefu wa sentimita 30 hivi, lizike na uondoe udongo uliomo ndani yake, uache maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa tope. Yakifika hapo rudisha kina cha sentimita 5, kisha yaache yashuke tena. Mizizi yako bado inayafikia maji hayo; kinachobadilika ni kwamba chuma na salfeti vinachajiwa upya na oksijeni, na methani inapungua karibu nusu. Wiki ya kuchanua usicheze: maji yawepo. Urea iliyosalia iweke wakati unaorudisha maji, si wakati unaotoa.

Tahadhari moja kwa wenye udongo au maji yaliyochafuliwa. Arseniki, ambayo ni sumu, hufuata chuma. Kikiyeyuka nayo huachiwa, na mpunga huipokea kwa milango ileile unayopokelea silika. Kukausha kunaipunguza. Kadimiamu, metali yenye sumu, hufanya kinyume: ndani ya maji hufungwa na salfaidi, ukikausha huachiwa na kupanda hadi kwenye punje. Penye mabaki ya migodi au viwanda juu ya mto, pima kadimiamu kabla ya kuanza kukausha kila mara, na usiache jaruba bila maji punje zinapojaa.

Sasa ule udongo nilioahidi. Maeneo ya pwani na yaliyokuwa mikoko huwa na piriti, salfaidi ya chuma ya zamani. Ikikaa majini haina neno. Ikipata hewa hutoa asidi ya salfuriki na pH hushuka chini ya 4. Hapo kukausha ni kosa kubwa, na chokaa inaweza kuhitajika kweli. Ukichimba ukikuta mabaka ya njano iliyopauka kwenye nyufa na mashimo ya mizizi ya zamani, usitoe maji kama nilivyosema hapo juu.

Kipimo kitakachoamua ni cha tope. Sasa hivi, ukiwa wiki ya tano, na kabla hujatoa maji, chota tope kutoka sentimita 5 hadi 15 chini katika sehemu kadhaa, jaza chombo mpaka mdomoni pasibaki hewa, funga, na upime pH siku hiyohiyo bila kulikausha. Ikisoma 6 au zaidi, fedha ya chokaa itie kwenye urea ya punje na, ukiona madoa ya vumbi la kutu, kwenye zinki. Ikisoma kati ya 5 na 6, udongo wako una chuma au mboji kidogo. Samadi iliyooza vizuri itausaidia kuliko chokaa. Ikibaki chini ya 5 baada ya wiki zote hizo majini, iombe maabara ipime salfa na ipime pH upya baada ya kuuacha udongo uoksidike kwa wiki kadhaa, na kiasi cha chokaa kihesabiwe kutoka kwenye kipimo hicho.